Mstari wa Miti Nyuma ya Nyumba ya Mama

Nyumba ya mama imejengwa mahali ambapo fundi yeyote mwenye akili timamu angekataa kuchimba msingi. Ukitoka Segese, ukaiacha barabara ya malori na kufuata njia ya ng'ombe, utakikuta kilima cheusi, kifupi, kimekaa peke yake katikati ya mashamba ya pamba na majaruba ya mpunga. Begani mwa kilima hicho ndipo baba alipotuhamishia tulipokuwa wadogo. Sababu ilikuwa moja tu: eneo lile halikutakiwa na mtu mwingine. Majirani walisema baba amewahama watu akaenda kuishi na pimbi. Baba akawajibu kwamba pimbi hawasengenyi, akaendelea kupanga mawe.

Mawe yenyewe ni ya ajabu kidogo. Mengi ni ya mviringo, yamebanana kama maandazi yaliyojazwa kwenye beseni, kila moja limejikunja kumpisha mwenzake. Tulikua tukiyachezea bila kujiuliza yametoka wapi. Kisha siku moja walipita watafiti wa madini na nyundo zao ndogo, na miongoni mwao alikuwamo binti mmoja mwenye adabu. Alimwamkia mama vizuri, akaomba maji ya kunywa, halafu akatueleza kwamba kilima chetu ni mabaki ya volkano ya zamani mno. Moto ulitoka ardhini, akasema, ukakutana na maji, ukapoa ukawa haya mafungu ya mviringo.

"Na moto wenyewe uko wapi sasa?" mama akauliza.

"Ulizimika, mama. Kabla ya kuwapo watu."

"Afadhali," mama akasema. "Jua peke yake linatutosha."

Nilicheka, lakini tangu siku ile nikaanza kuiangalia miti ya pale kwa jicho jingine. Mimi ni fundi cherehani. Kazi yangu Kahama ni kupima watu, na mtu akipita mbele yangu huwa naona kwanza mabega yake yamekaaje. Miti ya kilima chetu imekaa tofauti na miti ya bondeni. Mlama wa bondeni hunyooka, hutanua kichwa, hujivuna. Mlama wa kilimani una shina nene na fupi, umepinda kiuno, na mara nyingi kutoka mguu mmoja yametoka mashina matatu, manne, kana kwamba haukutaka kutegemea moja. Majani yake ni madogo na magumu, na kiangazi kikianza tu huyaangusha upesi, hausubiri kunyang'anywa. Kuna aina ya mkuyu inayoota juu ya jiwe tupu, mizizi yake imetambaa juu ya mawe ikashuka kila upande kama nta iliyomwagika, na popote ilipokuta ufa imeingia. Kuna mgunga mmoja nimeufahamu tangu utotoni na bado unanifikia kifuani. Wahenga walisema mtu hujikuna ajipatapo, na miti ile inajikuna hapo hapo mkono unapofika, haimwonei mtu kijicho.

Wakati fulani nilipanda mti mbele ya duka langu mjini, kwenye udongo laini ambao fundi wa ujenzi alikuwa amemwaga. Ulikua kwa pupa, ukanipa kivuli mapema, nikausifia kwa wateja. Upepo wa kwanza wa maana ukaulaza juu ya bati la jirani. Nilipoangalia mizizi yake ilikuwa mifupi ya kuchekesha, imejikusanya mahali pamoja kama ufagio. Nikaikumbuka miti ya nyumbani na dhoruba ilizoziona, nikasema kimoyomoyo, usione vyaelea vimeundwa.

Baba alikigeuza kilima kile kuwa ngitili. Asiyezijua mila za Kisukuma nimweleze kwamba ngitili ni malisho ya akiba: sehemu hufungwa wakati wa mvua, ng'ombe hawaingii, shoka haliingii, kisha hufunguliwa kiangazi majani yakiisha kwingine. Ngitili yetu haikuwa na uzio. Uzio wake ulikuwa mdomo wa baba, na baba alipofariki ukawa mdomo wa mama, ambao ni mkali zaidi. Nimemwona mama akimfukuza mtu mzima, baba wa watu, kwa sababu ya tawi moja la kuni. Kuni zetu sisi zilikuwa zile zilizoanguka zenyewe tu, na hata hizo aliziuliza kwanza zimeangukaje.

Nyuma ya nyumba, kuanzia karibu na kilele hadi kwenye banda la kuku, kuna miti iliyosimama kwa mstari. Kwingine kilimani miti imetawanyika ovyo, ila ile imenyooka kama watoto wa shule asubuhi. Ina tabia ya peke yake: mwisho wa kiangazi, mvua bado haijafikiriwa, bonde lote limekauka hadi ng'ombe wanalamba vumbi, yenyewe huchipua. Majani machanga hutoka mekundu, kisha huwa kijani kabisa, wakati mbingu hazina hata wingu. Tulipokuwa wadogo tuliiita miti yenye haraka. Hakuna aliyewahi kuuliza inakunywa nini.

Sasa niseme jambo lililotuumiza kichwa. Kisima tulichokitumia kilikuwa bondeni, mwendo mrefu wa kushuka na mrefu zaidi wa kupanda na ndoo kichwani. Mama alikuwa ameanza kuumwa nyonga. Kisha kisima chenyewe kikaanza kukauka mapema kila mwaka, na watu wa mikokoteni ya punda waliotuuzia maji waliona uvivu kupanda hadi kwetu. Baba aliwahi kujaribu kuchimba upande wa chini wa nyumba. Alikutana na jiwe gumu akaacha, na tangu hapo ikawa kauli ya familia kwamba mawe hayana maji. Nilipokuwa nakuja kumsalimia, nilimkuta mama akinawa uso kwa maji ya kujaa kikombe kimoja cha chai, na maji aliyonawia akiyapeleka kwenye shina la nyanya. Nikamkuta midomo imepasuka. Nikamuuliza kama anakunywa maji ya kutosha, akaniambia wazee hawana kiu. Huo ulikuwa uongo mtupu na aliusema bila kupepesa macho.

Basi nikaamua. Nilimwambia kwamba kiangazi kile kikiisha bila maji kupatikana karibu, nitakuja na gari na ataondoka nami kwenda Kahama, atake asitake. Mimi ndiye mtoto wa kwanza, na maneno kama hayo ni yangu kuyasema. Mama hakugomba, na hilo ndilo lililonitisha. Alisema, "Nikienda kwako nitakaa kwenye kochi niangalie ukuta. Baba yenu yuko hapa. Kuku wangu wako hapa. Huko nitakufa upesi, lakini kama umeamua, umeamua."

Ndipo akaja mdogo wangu.

Mdogo wangu ni mchimbaji. Amezunguka machimbo yote ya upande wa Masumbwe na mbele yake, na kila mara alipokuwa karibu kutajirika kulitokea jambo. Ng'ombe wa maskini hazai, ndivyo alivyozoea kusema juu yake mwenyewe, huku akicheka na kukohoa. Nilimwita aje tushauriane kuhusu mama. Alikuja na begi moja, akamwamkia mama, akala, akatoka nje kujinyoosha. Aliporudi macho yake yalikuwa yamebadilika.

"Dada, umeuona ule mstari wa miti?"

"Nimeuona kabla wewe hujazaliwa."

"Miti haipangi mstari bure. Mstari kama ule chini yake kuna mwamba."

Mwamba kwa lugha ya wachimbaji ni jiwe lenye dhahabu, na wenzake wote wana imani hiyo: wakiona miti imefuatana kwa unyoofu kilimani, wanajua ardhi imepasuka hapo, na penye mpasuko ndipo dhahabu hulala. Wengi wamechimba kwa kufuata miti namna hiyo. Wengine wamepata, na hao ndio wanaosimuliwa. Mdogo wangu alisema akiupata mwamba ule atamchimbia mama kisima cha mashine, cha kisasa, mbele ya mlango. Nilimwambia anachimba shimo ili apate la kuchimbia shimo. Hakucheka.

Nilitarajia mama angemfukuza kama alivyowafukuza wenye shoka. Badala yake alimwangalia sana mwanawe, kifua chake kilivyokonda, akasema, "Chimba. Lakini hii ni ngitili. Ukikata mti mmoja, au mzizi mmoja, utalala huko huko shimoni."

"Mizizi, mayu? Shimoni kuna mizizi tele. Nitapitaje?" akauliza; mayu kwetu ni mama.

"Utaizunguka."

Mchimbaji yeyote atakwambia hilo ni sharti la kichaa. Duara, yaani shimo la mchimbaji, hushuka moja kwa moja kisha hufuata mwamba. Hakuna duara linaloomba njia kwa mizizi. Lakini kwetu neno la ngitili halina rufaa, na mdogo wangu, pamoja na ujanja wake wote wa machimboni, alikuwa bado mtoto wa mama yake. Alimleta rafiki mmoja kutoka Masumbwe, wakaweka winchi ya miti ya kununua, wakaanza kushuka kati ya milama miwili.

Nilibaki pale wiki kadhaa, fundi mwenzangu akilinda duka. Nilijidanganya kwamba nabaki ili niwapikie. Ukweli ni kwamba niliogopa duara lisimfunike. Mchana nilikaa karibu na winchi nikisikiliza nyundo inavyogonga tindo, na nyundo ikinyamaza kidogo tu, moyo wangu nao ulinyamaza.

Jioni akishaoga vumbi kwa maji kidogo tuliyomgawia, alitusimulia. Mwanzoni alisimulia kwa hasira. Alisema pale juu tunaona nusu ya miti, tena nusu ndogo. Mzizi wa mlama mmoja ulikuwa mnene kuliko shina lake. Ulipofika mahali ambapo mawe mawili yamekaribiana, ulijibana ukawa bapa kama ubao, ukapita, na upande wa pili ukajaza tena unene wake. Mwingine ulikuta jiwe zima lisilo na ufa, ukaenda pembeni kulitafuta tundu, ukalipata, ukashuka. Kuna mahali mizizi ya miti miwili tofauti imepita kwenye ufa mmoja, imeshikamana mpaka hujui wa nani ni upi. Na kila mzizi ulipopinda, yeye naye alilazimika kupinda. Duara lake likawa limekaa kombo kama mguu wa mbuzi.

Rafiki yake alivumilia, kisha siku moja akafunga vitu vyake. Aliaga kwa heshima, akampa mama mkono. "Kaka," akamwambia mdogo wangu, "duara hufuata mwamba. Hili lako linafuata mizizi. Mimi sijawahi kuona mzizi umebeba dhahabu." Akaondoka.

Nilidhani mdogo wangu angeacha. Nikamwambia aache, na nilisema kwa ukali, kwa sababu kiangazi kilikuwa kinaelekea ukingoni na mimi nilishaongea na mwenye gari. Alinijibu kwamba maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Tukampata jirani wa kutusaidia winchi, na mimi mwenyewe nikashika mkono wa pili. Mama alikuwa akileta uji, akasimama kidogo, akasema riziki haivutwi kwa kamba. "Ya kwetu ndiyo hiyo inavutwa, mayu," sauti ikatoka chini, "tena vuteni, karai limejaa." Mama alicheka mpaka akashika nyonga.

Nilianza kugundua kitu katika masimulizi yake. Alikuwa ameacha kuisimulia dhahabu. Alisimulia mizizi tu: leo umefika wapi, umepitaje, umeacha vijizizi vingapi vyembamba kama nywele kwenye ukuta wa mawe. Alikuwa akiisema kama mtu anavyowasema majirani zake wanaomshangaza. Na juu yetu, miti ile ilikuwa imeanza kuchipua kama kawaida yake, majani mekundu kabisa, na jua linawaka.

Siku ile ilikuwa baada ya chakula cha mchana. Kamba ilitikiswa mara nyingi, kwa fujo, si kwa utaratibu wetu. Tulivuta kwa nguvu zetu zote, mikono ikichubuka, na nilikuwa tayari nimeanza kuomba Mungu. Akatokea mzima. Suruali yake ilikuwa imelowa hadi magotini. Alikaa juu ya jiwe, akavua viatu, hakutuangalia.

"Duara limekufa," akasema.

"Kuna nini?"

"Maji."

Kwa mchimbaji maji ni balaa. Yakiingia, kazi imekwisha. Anayetaka kuendelea atafute pampu, na mtu kama mdogo wangu pampu ataitoa wapi. Nimewaona wanaume wakilia kwa ajili ya maji kama wanavyolia msibani. Naye alilia, kwa kujificha, uso umeinama kati ya magoti. Alikuwa ameiwekea dhahabu ile matumaini yote yaliyokuwa yamebaki kifuani mwake, na sasa ilikuwa imezama.

Mama alikuwa ametoka mlangoni na fimbo yake. "Maji gani?" akauliza.

"Maji tu, mayu. Yanatoka kwenye ufa. Pale mizizi yote inapoishia."

Nakumbuka jirani yetu alivua kofia. Mimi nilifurahi, na furaha ile ilinitia haya mbele ya machozi ya mdogo wangu, lakini sikuweza kuizuia. Niliinua macho nikaitazama miti ile, majani yake mapya katikati ya ukame, nikashukuru kwa sauti, kwa Kisukuma na kwa Kiswahili, nikamshukuru Mungu na nikaishukuru miti pia, na padri atanisamehe. Miaka yote ile tulikuwa tukipita chini yake na ndoo kichwani.

Yaliyofuata yalikuwa kazi. Tulisubiri yakajaa na kutulia, tukapeleka chupa wilayani yakapimwe, maana kwetu huku mtu mwenye akili hanywi maji ya shimo bila kuuliza habari za zebaki. Walisema ni safi, yana chuma kidogo. Kweli yana ladha ya msumari, lakini unazoea. Mdogo wangu aliyejenga maduara ya watu maisha yake yote akalijengea lile mdomo wa mawe na mfuniko, na kuta zake akaziacha na mizizi yake vilevile.

Nimewahi kumuuliza mama kama alijua. Watu wanapenda kuamini kwamba alijua, nami nilitaka kuamini hivyo. Alinishangaa. "Nijue nini? Niliogopa atanikatia miti yangu nibaki na jua," akasema. "Kama ningejua, ningekuwa nashuka bondeni kwa nini?"

Jioni ile ya kwanza tulipochota maji ya kunywa, mama alimwita mdogo wangu akae karibu naye. "Wabeja, baba," akamwambia, yaani asante.

"Usinishukuru, mayu. Mimi nilikuwa natafuta dhahabu."

"Nakushukuru kwa ulichopata. Ulichotafuta hukuniletea."

Mdogo wangu akacheka, mara ya kwanza tangu siku ya maji. Baadaye alirudi Masumbwe, kwa sababu mchimbaji ni mchimbaji, lakini huja mara nyingi kuliko zamani, na akija hukaa pale kwenye mdomo wa kisima akichungulia chini.

Mimi niliondoka wiki ile ile. Mwenye gari nilimpigia simu nikamwambia asije. Mama alinifungia michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, kwenye mfuko, akaita bodaboda ya jirani, akanishika mkono. "Haya, nenda kwenye kazi yako," akasema. "Huna tena sababu ya kunihamisha. Ukija, uje kunisalimu." Alisema kwa furaha, kama mtu aliyeshinda kesi, na kweli alikuwa ameshinda. Nilimkumbatia. Nilimwambia nimefurahi, na nilikuwa nimefurahi.

Tulipoanza kuteremka, nilianza kulia na sikuweza kujizuia. Nilikuwa nimeshamwona mama jikoni kwangu. Nilikuwa nimeshamsikia akinigombeza kwamba nalala na njaa, na nyumba ina sauti ya mtu mwingine jioni. Watoto wangu wameshakuwa wakubwa wakaenda zao. Kiu ya mama ilikuwa kweli, lakini na yangu ilikuwapo, na hakuna aliyeichimbia.

Dereva alipunguza mwendo, akageuka kidogo. "Pole, mama. Kuna msiba?"

"Hapana," nikamwambia. "Mama yangu anabaki kwake."

Alifikiri kidogo, akasema basi hiyo ni heri. Nikamjibu ndiyo, ni heri, aendeshe tu.